Josiah Komora, Aliyeiamini Damu ya Kilelengwani

Josiah Komora alifukuzwa kazi kwa kosa ambalo hakulitenda. Tunaanza na hilo kwa sababu wengi waliopo hapa walilisikia likinong'onwa, na wengine walilinong'ona wao wenyewe.

Alizaliwa Kilelengwani tarehe 14 Machi 1981, kitinda mimba wa marehemu Gershom na marehemu Dama Komora. Alisoma shule ya msingi nyumbani, na sekondari Garsen. Dada yake Margaret hakuketi darasani hata siku moja. Alilima mpunga ili Josiah avae sare. Josiah alipopata stashahada ya maabara mwaka 2004, Margaret alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Alimuoa Linda Kadzo kanisani Minjila tarehe 6 Desemba 2008, wakajaliwa Dan na Hope.

Mwaka 2019 aliajiriwa kuchukua damu katika utafiti wa Daktari Karisa. Walitaka kujua jinsi chembe za kinga zinavyoikumbuka homa ya Bonde la Ufa, iliyokuja na mafuriko ya 2006. Josiah alimweleza dada yake kwa leso ambayo Margaret alifungia mbegu.

"Mbegu hazibadiliki, dada, na vinasaba ni hivyo hivyo. Kinachobadilika ni fundo. Chembe iliyowahi kupigana na kirusi huliacha fundo la silaha zake limelegea. Kikirudi, inafungua upesi."

"Kumbe miaka yote nafunga sayansi yako kiunoni!" Margaret alimjibu.

Watu kumi na mmoja wa Kilelengwani walisema hawajawahi kuugua homa hiyo, lakini chembe zao zilikutwa zimelegeza mafundo. Daktari Karisa akasema Josiah amechanganya vichupa, akamwachisha kazi tarehe 3 Juni 2021.

Alirudi nyumbani, siku mbili hakutia kitu kinywani. Margaret akamuuliza, "Wale watu uliwauliza nini hasa?"

"Kama waliwahi kuugua ule ugonjwa wa ng'ombe."

"Wakulima? Inuka, twende kwa Mama Dado."

Mama Dado, jirani yao, alicheka. "Mwanangu, mimi nina ng'ombe wa kuniambukiza? Au jembe langu ndilo liliugua?"

Margaret akamkumbusha ng'ombe wa mfugaji Jatani, yule ng'ombe aliyenasa matopeni wakati wa mafuriko.

"Ah, yule! Nilimchuna kwa mikono hii. Kisha nikalala wiki nzima na homa, nikasema ni malaria."

Walipowauliza na wengine, ikajulikana wote kumi na mmoja walikuwa wameishika nyama ile. Vinywa vilikana, chembe zilikumbuka. Josiah aliandika maelezo ya kila mmoja, akampelekea Daktari Karisa. Hakujibiwa. Mwaka 2023 utafiti ulichapishwa, wale kumi na mmoja wakihesabiwa kuwa waliugua. Hope alimsomea shangazi yake majina ya waandishi mara mbili. La Josiah halikuwamo.

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alifariki Malindi adhuhuri ya tarehe 18 Agosti, Linda akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane Linda, watoto Dan na Hope, na dada yake Margaret, anayemwonea fahari leo kama siku ile ya vigelegele. Mungu ampumzishe kwa amani, mahali ambapo neno lake halitiliwi shaka.

Daktari Karisa bado anadaiwa barua moja yenye sahihi yake, isemayo vichupa havikuchanganywa. Ailete Kilelengwani mwenyewe, aisome mbele ya watu.