Nafasi ya Sauti ya Elysée

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 1999, Juvénal alikesha nje ya chumba cha kujifungulia mjini Uvira, Kongo, akisubiri habari za mkewe Marie. Muuguzi alipomwambia ni msichana, alichukua kofia yake akaenda zake. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Elysée, kifungua mimba wa Marie.

Familia ilifika Durban mwaka 2008. Elysée alisoma shule ya Queensburgh, akamaliza sekondari mwaka 2017. Huko ndiko alikojifunza madrigali, yaani shairi la mapenzi linaloimbwa bila kinanda, kila mtu na njia yake ya sauti. Kundi lao lilikuwa la watu watano. Kwao hakuna aliyezibiwa nafasi na mwingine. Asipokuwepo mmoja, nafasi yake iliachwa kimya.

Alifanya kazi ya kusuka katika saluni mjini. Alizoea kujifunza sehemu yake tu ya wimbo kwa kuiimba huku mikono ikisuka, na wateja walimgombeza: "Dada, maliza basi huo wimbo, kila saa unatuacha njiani!"

Hakuolewa. Doudou, mwimbaji wa sauti nzito katika kundi lao, alikuja kumposa Agosti 2023.

"Iko wimbo gani hii haina Yesu?" Juvénal alimuuliza.

"Ni madrigali, Papa."

"Basi uoe madrigali."

Doudou aliondoka soda yake haijafunguliwa.

Januari 2025 Elysée aliugua figo. Juvénal aliwapiga marufuku wenzake wa kuimba wasimtembelee, ingawa mgonjwa aliomba kitu kimoja tu, kuwaona. Jumamosi tarehe 17 Mei, jioni, walikuja wote wanne. Juvénal alifunga mlango wa nyumba, akatia ufunguo mfukoni. Wakaanza kuimba huko huko nje, kwenye korido ya ghorofa.

"Sikia," Juvénal alicheka. "Wimbo wote matundu. Wamesahau hata wenyewe."

"Hawajasahau, Papa. Hapo ni pangu." Elysée akaimba, kwa sauti isiyofika hata dirishani.

Marie alisema, "Baba Elysée, fungua. Mtoto anakufa."

"Kama anakufa, asali."

Akaongeza sauti ya redio. Elysée aliendelea kuimba nafasi zake, hata baada ya wenzake kuchoka na kushuka ngazi. Alifariki alfajiri, uso ameuelekeza mlangoni. Mlango ulifunguliwa walipokuja wachukuzi wa maiti.

Ameacha baba yake, Juvénal. Mama yake, Marie. Mdogo wake, Peguy. Na wenzake wanne, ambao mpaka leo Juvénal hajawapa mkono.

Mungu ampokee, alale salama.