Mama Alinanuswe Aliambiwa Hana Tiba

Ndugu waombolezaji, mimi ni Fortunata, mtoto wa mwisho wa marehemu. Historia niliyoandikiwa na wazee niisome inasema mama aliugua kwa muda mfupi na familia ikafanya kila liwezekanalo, huo ni uongo, nami sitausoma mbele ya jeneza lake, kwa hiyo nitaeleza ilivyokuwa, na anayetaka kuninyang'anya kipaza sauti asubiri nimalize.

Marehemu Alinanuswe Kibona alizaliwa tarehe 12 Machi 1947, karibu na Itumba, milimani Ileje, akasoma shule ya misheni kuanzia 1956 hadi darasa la nne mwaka 1959, akaachishwa ili alee wadogo zake. Julai 1962 nyumba yao ya nyasi ilishika moto wazazi wakiwa shambani, akaingia ndani akamtoa mdogo wake, kichanga cha miezi mitano, boriti ikamwangukia mguu wa kushoto, akabaki na kovu kutoka gotini hadi kifundoni. Kichanga yule alibatizwa jina la Shadrack, ndiye mjomba wetu, msemaji wa familia, ameketi pale mbele.

Tarehe 3 Septemba 1966 alifunga ndoa hapa kijijini Ruanda na marehemu baba yetu, Ezron Mwampashi, wakajaliwa watoto wanne, wakalima kahawa hadi 1985 walipohamia Tunduma, ambako mama aliuza mchele sokoni, akiufuata mwenyewe Kamsamba kwenye joto lile, akibishana bei na Wazambia kwa Kibemba, na aliyemdanganya mara moja hakurudia. Baba alifariki Mei 2008, mama akaendelea na biashara.

Agosti 2019 kovu lile la moto lilifunguka, likawa kidonda kisichofunga, zahanati wakampa dawa ya kupaka, wakampa tena, wakampa tena, hadi Novemba 2021 ndipo hospitali moja, ambayo sitaitaja, ikachukua kipande cha nyama kukipima, wakakuta ni saratani ya ngozi iliyokwisha kwenda mbali. Ilitakiwa mguu ukatwe, lakini moyo wake ulikuwa umetanuka, wakasema akilazwa kwa dawa ya usingizi hataamka. Daktari hakumwambia mama neno, alimwita mjomba koridoni akamwambia, "Huyu hafai kwa upasuaji, mrudisheni nyumbani."

Kikao cha familia kilifanyika tarehe 9 Januari 2022. Mjomba alisema, "Mguu haukatiki, dada amekula chumvi nyingi, tumwache apumzike." Mama alikuwa kwenye kiti pale pale, akauliza, "Mnanizungumzia mimi, au kuna marehemu mwingine humu ndani?" Kaka zangu waliinamisha vichwa, nami niliyepiga kelele niliambiwa sina adabu.

Akahamishiwa chumba cha stoo kwa sababu ya harufu, wajukuu wakakatazwa kuingia, kanisani akaombwa akae benchi la mlangoni, na mnaolia kwa sauti leo ndio mliokuwa mkiziba pua. Aliyeingia stoo kila asubuhi ni Mwanaisha, jirani yake wa meza ya mchele, akikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, na ni yeye aliyeniambia, "Wewe Fortu, hawezi kukatwa, sawa, kwani kukatwa ndiyo dawa pekee? Mama yangu alipigwa mionzi akiwa na miaka themanini."

Oktoba 2022 tulimpeleka Dar es Salaam, mimi na Mwanaisha. Daktari wa kule, binti mdogo, alivuta kiti akakaa usawa wa macho yake, akamuuliza, "Bibi, wewe mwenyewe unataka nini?" Mama akasema, "Nataka nirudi sokoni, nisinuke." Daktari akamwambia ukweli, kwamba kupona ugonjwa hakutawezekana, lakini hilo aliloomba watajaribu. Akapigwa mionzi, kidonda kikawa kinanyunyiziwa vidonge vilivyosagwa vya kuua harufu, akapewa dawa ya maji ya maumivu, damu ikakatika, harufu ikaisha, na mwaka 2023 wote na sehemu kubwa ya 2024 mama alikaa mezani kwake Tunduma akipima mchele, akicheka, akigombana na wateja. Ndugu zangu, muda huo ndio kikao kilitaka kumnyima, na miezi aliyokaa stoo akioza hatuwezi kumrudishia.

Desemba 2024 ugonjwa ulifika mapafuni, akafariki nyumbani tarehe 17 Februari 2025, saa nne asubuhi, bila kulia kwa maumivu, akiwa na miaka sabini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Dar es Salaam, muuguzi wa Tunduma aliyetuletea dawa ya maumivu hadi mlangoni, na wafanyabiashara wa mchele waliofunga meza zao leo. Mama aliniagiza niseme kwamba aliye na mzee mwenye kidonda nyumbani amuulize mwenyewe anataka nini, asimuulizie koridoni. Akaagiza pia kwamba udongo wa kwanza usitupwe na msemaji wa familia. Mwanaisha, dada yangu, sogea mbele. Mjomba, naomba umpishe.

Lala salama, mama yetu.