Petro Chilewa na Chumba Kilichopendwa na Mbuzi

Mpaka mtu astaafu ndiyo mnaikumbuka njia ya ofisi yetu hapa Makole? Mmehamishiwa Dar, Moshi, Mbeya, hata salamu hamtumi, kana kwamba chai yangu hamkuinywa. Haya, kaeni msome. Mimi Bibi Loisi wa jikoni nimesema, Ritha wa masijala ameandika. Shule sikuingia, lakini macho ninayo.

Tarehe 30 Juni 1996 ndugu yetu Petro Chilewa anastaafu, baada ya miaka ishirini na mitatu katika ofisi hii ya ujenzi. Aliingia akiwa mchoraji wa ramani, kijana mwembamba wa Buigiri mwenye suruali pana inayofagia sakafu. Anatoka akiwa msanifu majengo mwenye kitambi. Kitambi hicho ni kazi yangu.

Mwaka 1988, tayari ana miaka arobaini na saba, ofisi ilimpeleka chuo kikuu Dar kusomea usanifu wa majengo na mazingira. Wenzake darasani walikuwa sawa na wanawe. Asubuhi walimwamkia shikamoo, jioni wakanakili michoro yake. Huku ofisini walikuwepo waliocheka kwamba atarudi na mvi tu. Mmoja wao anasoma hapa, anajijua. Na mkuu wa wakati ule alishamwambia wazi: akifeli, kiti chake kina mtu.

Ikafika mwaka wa mwisho. Biashara nchini ilikuwa imeachiwa huru, kila aliyepata kidogo alitaka nyumba ya mabati na vioo vikubwa kama duka, halafu anashinda nje kwa joto. Petro akasema mradi wake wa kumalizia chuo utakuwa chumba kimoja cha udongo: ukuta mnene, paa bapa kama la tembe, nyumba zetu za jadi, na tundu juu la kutolea hewa ya moto. Akakijenga Buigiri kwa mama yake, Mama Anjelina. Walimu walimshauri mlango utazame barabarani. Akakataa. Mlango wa tembe hutazama uani, kwenye mifugo, ndivyo alivyokuta. Mkaidi kama punda.

Siku ya mtihani, mwezi wa kumi, jua la kuchoma utosi, walimu watatu wakaja kutoka Dar. Nilikuwepo, nilipelekwa kuwapikia. Petro alitandaza michoro yake sakafuni mle chumbani, akaenda kuwapokea barabarani. Wanarudi, chumba kimejaa mbuzi. Mlango unatazama uani, sasa wao wamekosea nini? Walikimbia jua. Na mchoro wa paa ulikuwa unamalizikia mdomoni mwa beberu.

Petro alisimama kama mtu aliyefiwa. Mwalimu mkubwa, bwana mnene, akasema bila mchoro wa paa hakuna maksi. Mama Anjelina akamtazama juu mpaka chini.

"Karatasi imeliwa, na paa nalo limeliwa? Si upande ukaone, baba!"

Paa la tembe sisi hulipanda kila siku, ndiko tunakoanika majani ya mlenda. Petro akaleta ngazi, akawapandisha wote watatu. Huko juu akaeleza kila boriti, kila ufito, kila tabaka la udongo, huku anarukaruka kuonyesha, na mimi chini namwomba Mungu kwa ajili ya yule mnene. Paa halikudondosha hata vumbi. Waliposhuka, jasho linatiririka, wakaingia chumbani, wakakaa katikati ya mbuzi, na kutoka wakagoma. Wali wangu ukapoa. Alifaulu, ila wakamwonya kuhusu mlango.

Kampuni za watu binafsi zilimwita abaki Dar, akarudi kwetu. Tangu hapo amechora zahanati na madarasa kutoka Kondoa mpaka Mpwapwa. Humo watoto hawasinzii kwa joto. Wakisinzia, ni uvivu wao.

Petro mwanangu, asante. Umenisumbua, umenichekesha, jiko litapoa bila wewe. Uzee wako uwe mtamu na magoti yasikuume.

Na nyie wengine, nasikia mmepanga kumpelekea zawadi ya feni. Feni! Mtu yule? Mkija Buigiri, anakorudi kuishi, njooni saa nane mchana, jua likiwa kali kabisa. Ingieni kwenye chumba chake kile cha udongo, kaeni mpaka jasho likauke. Feni iacheni huko huko.