Mama Vero Kapemb, Mkunga wa Mtaa wa Kasambala

Wapendwa mliokuja kutusaidia kulia, familia imenituma mimi, Chinyama Rodrigue, mtoto wa kwanza wa marehemu, niwasomee maisha yake.

Véronique Kapemb Nawej alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Sandoa, mtoto wa tatu wa mzee Nawej na mama Rukonkish, akasoma shule ya masista palepale hadi mwaka 1979, kisha akaja hapa Kolwezi kusomea ukunga, akahitimu Julai 1982 na kuanza kazi katika wodi ya wazazi, ambako alijulikana kwa mikono myepesi na mdomo usiomwogopa daktari.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Chinyama Benoît, dereva wa treni ya mgodi, na Mungu akawajalia watoto watano, Rodrigue, Odile, Sakatend, Bibiane na Kamin. Mama alituagiza kwamba Kamin asiachwe katika hesabu hiyo, ingawa hakulia hata mara moja.

Mwaka 2003 baba alipunguzwa kazini, wodi nayo ilikuwa imefungwa, na mama, mkunga mwenye cheti, akaingia mtoni pamoja na wanawake wenzake kuosha mawe ya kobalti, maji yakimfika kiunoni, mawe yale yanayopelekwa ng'ambo kutengenezewa betri za magari yasiyotoa moshi. Akiwa bado katika kazi hiyo alipata mimba, na tarehe 22 Mei 2005, siku mbili baada ya kutoka mtoni, alimzaa Kamin, mtoto akiwa ameshakata roho. Hakuna aliyeweza kumwambia kwa hakika kwamba ni yale maji, lakini tangu siku hiyo alikuwa akisimama ukingoni kila asubuhi na kumwita kila mwenye mimba kwa jina lake: "Fulani, toka humo. Njoo kwangu nikupe uji, hayo mawe hayana miguu, hayatakukimbia." Wengine walimtukana, wengi walitoka, na nyumba yetu ya Kasambala ikageuka mahali pa kujifungulia, tukalala watoto wanne jikoni kwa miaka.

Alhamisi tarehe 9 Agosti 2018, kampuni ilipoleta mashine kubomoa mtaa ili shimo la mgodi lipanuliwe, siku tatu kabla ya tarehe tuliyopewa, mama alikuwa ndani na binti aliyeshikwa na uchungu, akatoka na glavu zake mkononi, akamwambia dereva, "Mwanangu, zima hiyo mashine. Humu ndani kuna mtu anakuja."

Dereva akamjibu, "Mama, nina amri."

"Na mimi nina mtoto aliyetanguliza makalio. Sasa tuone ni nani wa kusubiri."

Dereva akazima. Msimamizi wake alikuja mbio na kumuuliza kama analipwa ili akae kivulini, dereva akamtupia funguo na kumwambia, "Panda mwenyewe, mkuu." Msimamizi alizitazama zile funguo, akasikia binti akilia ndani, hakupanda. Kwa saa tano mashine ilinyamaza, majirani wakang'oa milango, mabati na madirisha yao, wakabeba kila kilichobebeka, na saa tisa alasiri akazaliwa mtoto wa kike, mzima, mama yake mzima. Jioni nyumba yetu ilianguka.

Dereva huyo, Ilunga Kyungu, alifukuzwa kazi wiki ileile, mama akamtafuta mpaka akampata, akamwambia, "Wewe ni wa kwangu sasa," na tangu siku hiyo tumekuwa watoto sita. Yuko hapa mbele, ndiye aliyebeba jeneza upande wa kulia.

Tulikohamishiwa hakukuwa na maji wala mkunga. Miaka mitatu mama alihudhuria mikutano ya kampuni bila kukosa mmoja, na walipomweleza kwamba dunia nzima inataka hewa safi, aliwajibu, "Vizuri, watoto wao wapumue. Na wa kwetu wanapumulia wapi?" Tarehe 15 Novemba 2021 zahanati ya wazazi ilifunguliwa, vitanda sita na kisima chenye bomba moja, na walipotaka kuipa jina lake alikataa, akaomba badala yake bomba la pili.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2022, madaktari wakasema mapafu yamejaa vumbi, akatibiwa hapa na Lubumbashi, na Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, alituaga mikononi mwa Bibiane, akiwa na miaka sitini na mitatu, ameacha watoto watano, Ilunga akiwemo, na wajukuu kumi na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wanawake wa mtoni waliopika tangu Jumatatu, majirani wa Kasambala mliotoka kila mlikotawanywa mkaja kusimama pamoja tena, na kaka yetu Ilunga.

Shukrani za mwisho ni kwa wakunga wawili aliowafundisha, ambao hamwaoni hapa, kwa kuwa zahanatini kuna kina mama watatu wenye uchungu tangu asubuhi. Tunawashukuru kwa kutokuja, maana wangekuja, angewafukuza yeye mwenyewe.

Mama, pumzika sasa, wenzako wako kazini.