Bi Bahiat na Nanaa ya Shamba la Kamati

Assalaam aleikum, ndugu, jamaa na majirani wa Moroni, pamoja na wageni wetu mliovuka bahari kutoka Mutsamudu. Naitwa Chanfi Mouridi, mdogo wake marehemu, na wengi wenu mnashangaa kuniona nimesimama hapa, hata mimi nashangaa, kwa sababu dada yangu hakuzungumza nami tangu Novemba mwaka jana, lakini kabla ya kufariki alimwagiza binti yake Roukia kwamba historia yake isomwe na mimi na si mtu mwingine, na sijui kama huo ni msamaha au ni adhabu.

Marehemu Bahiat binti Mouridi alizaliwa Mutsamudu tarehe 3 Machi 1931, mtoto wa kwanza wa Mzee Mouridi, seremala, na Bi Saandia, mzaliwa wa Patsy. Alihitimu chuo cha Kurani mwaka 1942, akasoma shule ya serikali miaka mitatu tu, na tarehe 17 Juni 1950 akafunga ndoa na Bwana Djaanfar, karani wa bandari ya Mutsamudu, wakajaliwa watoto wawili, Roukia mwaka 1952 na Ridjali mwaka 1957. Mimi nilizaliwa mwezi mmoja baada ya Roukia, mama yetu akafariki siku ya saba, Bahiat akaninyonyesha pamoja na binti yake, kwa hiyo kwangu alikuwa dada na alikuwa mama.

Mwaka 1962 Bwana Djaanfar alihamishiwa Moroni, na marehemu alisafiri na vipande vya mizizi ya nanaa, kila kimoja urefu wa kidole, amevifunga kwenye kitambaa chenye maji, akavipanda uwanjani kwake, pale maji ya birika la mvua yanapofurika. Kuanzia mwaka 1964 alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi, na hakuna mwanamke aliyetoka pale na mtoto bila nanaa ya Bi Bahiat, ila alikuwa na utaratibu wake, mara ya kwanza unapewa tawi la kuchemsha, ukirudi mara ya pili unapewa mzizi wenye vifundo viwili ukapande mwenyewe, tena ndani ya debe, maana nanaa ukiiachia uwanja haiombi ruhusa.

Uhuru ulipotangazwa Julai 1975 alichemsha chai ya mtaa mzima. Kisha ukaja utawala wa Ali Soilih, mitaa ikakabidhiwa vijana, nami nikawa katibu wa kamati ya mtaa wetu. Mwaka 1977 watumishi wa serikali walipoachishwa kazi, yeye na mumewe walikuwemo, na kamati yetu ikaamua kwamba kila uwanja ulimwe mihogo. Tarehe 12 Septemba niliingia kwake na jembe, nikaikatakata nanaa yote mbele ya majirani, yeye akaniambia taratibu, Chanfi, hapo unaipanda, nikamcheka, tukaubeba udongo ule wenye rutuba kwa toroli hadi shamba la kamati, njia ya Itsandra.

Mvua za Novemba ziliponyesha, nanaa ilizuka kati ya mihogo na kuisonga. Nikasimama katika uwanja huu huu wa mtaa tulipokusanyika leo, nikasoma jina lake kuwa mhujumu wa chakula cha wananchi, akavishwa kibao shingoni, akapalilia siku sita akiwa amepiga magoti. Hakung'oa kwa hasira, alichimbua mzizi mmoja mmoja kwa vidole, na kumpa kipande kila mwanamke aliyepita.

Tangu Januari mwaka huu alisumbuliwa na moyo, miguu ikavimba, akalazwa tarehe 5 Juni. Nilikwenda hospitali mara mbili, nikaishia mlangoni. Alifariki Alhamisi, tarehe 22 Juni 1978, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa wodi ya wazazi waliomwosha, majirani waliopika siku zote hizi tatu, na Bwana Fakri aliyetuletea wageni kutoka bandarini.

Kwa desturi, hapa ndipo tunapowaomba wote aliowakosea marehemu wamsamehe. Nimemtafuta mtu huyo, sikumpata. Kwa hiyo nasema mbele yenu kwamba Bahiat hakuhujumu kitu, aliyepanda nanaa ile ni mimi, kwa jembe langu, na nililijua hilo tangu siku ya pili ya adhabu yake, nilipoona vipande vimechipua kwenye udongo uliobaki ndani ya toroli letu, nikaogopa kuchekwa, nikavitupa, nikamwacha amalize siku nne zilizobaki.

Pumzika kwa amani, dada, hukuwa na kosa.