Madole Mawili Kabla Kahawa Haijapoa

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya jengo la ofisi, ubavuni mwa meza ya mama muuza kahawa ambaye kila mtu humwita Shangazi. Wanaolikalia ni watengeneza programu wa ghorofa ya pili, watu wenye viti vya kuzunguka na meza za kioo huko juu, lakini wenyewe wanasema akili zao hazifunguki mpaka makalio yaumie kidogo. Asubuhi hiyo walikuwa watatu: Kamanda, kiongozi wa timu, anayependa vikao hata wawili wakikutana mlangoni ni kikao; Profesa, aliyesoma mpaka nywele zikamkimbia; na Matawi, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila kazi anaianza pembeni, kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya programu, na haijawahi kurudi shinani hata moja. Mwisho wa benchi, kompyuta magotini na mtoto mgongoni, alikaa yule mgeni wao wa kazi, bado yuko kwenye majaribio, waliyemwita Mama Kichanga, na huyo kahawa yake hakuigusa.

Alikuwa na sababu. Ng'ambo ya barabara kliniki ilikuwa imefurika kina mama na watoto mpaka nje ya geti, wote wana simu mkononi, wote wanaonyesha ujumbe uleule: mlete mtoto leo kwa chanjo. Wa leo wameitwa, wa wiki ijayo wameitwa, wa miezi mitatu mbele wameitwa, hata yeye Mama Kichanga ameitwa na mfumo ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeuvuruga, jana, kwa mkono wake, na sasa kosa ameliona, amelirekebisha, kilichobaki ni watu wawili wasome alichoandika na kila mmoja aweke dole, ile alama ya kukubali, kwa sababu ndiyo sheria ya timu, bila madole mawili kazi ya mtu haiingii kwenye mfumo. Na mchana mfumo unatuma tena, safari hii kliniki zote. Hapo ndipo kibarua chake kitakapoota nyasi.

— Kaka Profesa, nakuomba uisome tu, alisema. Ni mistari michache, haimalizi hata kikombe.

— Nimeiona, mdogo wangu, Profesa akajibu, akipuliza kahawa. Lakini haraka ya nini? Kwanza tujiulize, kosa limetoka wapi?

— Limetoka kwangu, kaka.

— Hapana, hapana. Vijana mna tabia ya kujilaumu. Kosa kubwa kiasi hiki haliwezi kutoka kwa mtu mmoja, tena mwanagenzi.

— Lakini nimelishika. Hili hapa.

Kamanda akasimama. Kamanda hawezi kuongea amekaa, vikao vyake vyote vya asubuhi ni vya wima, eti viishe upesi, na havijawahi kuisha upesi.

— Mimi nawaambia, tatizo ni rangi. Kwenye ubao wa kazi kadi yake ilikuwa ya njano. Nilisema kazi za kliniki ziwe za bluu. Nilisema au sikusema?

— Ulisema, Kamanda, Matawi akaitikia.

— Nikaandika kwenye kundi la matangazo. Nikaandika kwenye kundi la dharura. Nikaandika na kwenye kundi la kukumbushana kusoma makundi.

— Hilo la mwisho nililizima sauti, Matawi akakiri.

— Ndiyo maana tuko hapa!

Mtoto akajinyoosha mgongoni, Mama Kichanga akamtikisatikisa huku macho yakiwa kwenye kona ya kioo cha kompyuta, pale palipoandikwa kwamba anasubiri wasomaji wawili.

— Mnakosea wote, Matawi akasema kwa sauti ya kunong'ona, na benchi zima likamwinamia. Mnamkumbuka yule jamaa aliyeacha kazi? Yule aliyekuwa anakula peke yake? Aliacha tawi humo ndani. Nililiona kwa macho yangu. Halina jina, halina mwenyewe, na kila wiki linakuwa refu.

— Linakuwaje refu bila mtu kuandika? Shangazi akauliza kutoka mezani kwake.

— Hilo swali umuulize yeye.

— Kweli hiyo, Profesa akadaka. Mimi naenda mbali zaidi. Hizi programu siku hizi zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Sisi tuna makundi tisa ya gumzo, wao watakosaje lao? Ya kliniki imeambiana na ya benki, ya benki ikaambiana na ya maji, wakakubaliana leo tuwatoe jasho.

— Na kwa nini kina mama? Kamanda akafoka. Kwa nini si kina baba? Angalieni pale getini. Angalieni wanavyocheka. Wale wamejuana. Wametumiana wenyewe ule ujumbe ili watoke nyumbani!

Mama Kichanga akatazama getini. Hakuona aliyecheka. Aliona mama mmoja amekaa chini kwenye vumbi, ananyonyesha juani.

— Kaka zangu, akasema, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka, nawaomba jamani, muda unakwenda, mimi nina mtoto, kazi hii ndiyo inayoniweka mjini, mnisomee tu, mkiona upuuzi mniambie ni upuuzi.

— Huyu naye hofu itamuua, Profesa akacheka. Akatoa simu, akaigusa kwa kidole bila kukatiza kahawa. Haya. Tayari.

Kompyuta ikalia. Dole moja.

— Profesa ameshaweka? Matawi akauliza. Basi nami nafuata.

Dole la pili. Kitufe cha kuingiza kazi kwenye mfumo kikageuka kijani, na angeweza kukibonyeza saa hiyohiyo, ila kidole kikagoma. Hata cha jana kilikuwa cha kijani. Hata cha jana kilikuwa na madole mawili, ya watu hawahawa.

Ndipo akavuka barabara nesi wa kliniki, sare imelowa mgongoni, sauti imemkauka.

— Shangazi, nipe kahawa, chungu kabisa. Samahanini, ninyi ndio wenye ule mfumo?

— Ndio sisi, dada, Kamanda akajibu, kifua mbele. Na ondoa wasiwasi, umesharekebishwa. Wakaguzi wawili wamepitisha!

— Afadhali. Umebadilishwa nini, nikawaeleze wale kina mama?

Kamanda akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Matawi. Matawi akatazama ndani ya kikombe.

— Ni mambo ya ndani sana, dada, Profesa akasema.

— Niambie ya juujuu.

— Matawi ndiye aliyemalizia.

— Mimi nilimfuata mkubwa wangu, Matawi akajitetea. Ningemkatalia mkubwa?

— Mimi naendesha vikao, Kamanda akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa chini.

— Nimeandika mimi, dada, Mama Kichanga akasema. Mfumo unaangalia tarehe ya mtoto. Kama ni leo, unamtumia mama yake ujumbe. Kama si leo, unanyamaza. Kama tarehe haijaandikwa...

Akakwama.

— Eh, kama haijaandikwa? nesi akauliza. Maana wale waliozaliwa wiki hii wote hatujawaandikia.

— Unanyamaza, Mama Kichanga akasema. Hao unawanyamazia. Leo, kesho, hauwaiti kabisa.

Akaifuta ile kazi, kijani na madole yake, akaanza upya palepale, vidole vinajikwaa, nesi amemsimamia na kikombe, na alikuwa hata hajafika mwisho wa mstari wa kwanza kompyuta ilipolia. Dole.

— Nakuunga mkono, mdogo wangu, Matawi akasema. Tuko pamoja.

Akaandika mpaka mwisho, kisha akainuka na mtoto wake mgongoni, akapaza sauti.

— Dole sitaki! Sitaki dole la mtu! Hata ya jana mliipitisha ninyi hawahawa. Mkinifukuza mnifukuze, lakini hii itasomwa. Haya, kaka Profesa, wewe ndiye mkubwa, akamwekea kompyuta magotini. Soma. Kwa sauti, dada huyu asikie.

Profesa akakohoa. Akaisogeza kompyuta mbali, mpaka mikono ikanyooka, akairudisha karibu, mpaka pua ikagusa kioo. Akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali, wa kushoto, wa kulia.

— Miwani nimeiacha nyumbani, akasema.

— Leo? nesi akauliza.

— Tangu juzi.

Nesi akashusha kikombe taratibu.

— Sasa hizo za jana na leo ulizozipitisha, ulizisoma kwa macho gani?

Kamanda alinyoosha kikombe chake kwa Shangazi bila kuinua macho, na Shangazi, aliyekuwa na birika limejaa, akalifunika.