Bi Tapsell na Jiwe la Mwisho la Marlstow

Bi Rosalind Tapsell anastaafu tarehe 31 Machi, baada ya miaka ishirini na saba ya kuwa karani wa Baraza la Kijiji cha Marlstow. Siku hiyohiyo baraza lenyewe linafungwa, na kuanzia Aprili mosi tutakuwa chini ya baraza moja na jirani zetu wa Cudbourne. Yeye ndiye karani wetu wa mwisho, na mimi ninayeandika haya ni mwenyekiti wa mwisho. Sitajidai kwamba nimefurahi.

Alituzoea haraka, na hilo si jambo dogo. Baraza hili liliwahi kubishana msimu mzima wa baridi kama benchi jipya litazame bwawa au baa. Bi Tapsell alituacha tupige kelele hadi koo zikakauka, kisha akaagiza benchi lisilo na egemeo, kila mtu akae anavyotaka. Wengi hukaa wakitazama baa.

Ila kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupiga mipaka. Kila Mei, kabla ya Sikukuu ya Kupaa, wanakijiji wa Marlstow huzunguka mpaka wao kwa miguu wakiwa na fimbo za mti wa wiloo, na kila jiwe la mpaka hulicharaza ili wasisahau lilipo. Babu zetu walianza baada ya kugombea malisho na watu wa Cudbourne. Malisho yenyewe siku hizi ni maegesho ya magari.

Mwaka wake wa kwanza kutuongoza kulikuwa na ukungu mzito. Alitupeleka kwa kujiamini kabisa, tukalikuta jiwe, tukalishushia fimbo kwa nguvu zetu zote. Ghafla Mervyn Goodyer, mkulima wa Cudbourne, akatokea mbio akiwa na kandambili.

"Nyie! Hilo ni kaburi la mbwa wangu! Amewakosea nini?"

"Pole sana, Bwana Goodyer," akasema Bi Tapsell. "Alikuwa mbwa mzuri?"

"Kuwashinda nyie wote!"

Akatupeleka mwenyewe hadi kwenye jiwe lenyewe, huku akitusimanga njia nzima. Tangu hapo, kila mwaka humngoja Bi Tapsell kwenye jiwe hilo, ambalo ndilo la mwisho katika mzunguko wetu, akiwa na mtungi wa pombe ya tufaha. Husema amekuja kumlinda marehemu.

Mei iliyopita uamuzi wa kutuunganisha ulikuwa umeshapita. Bi Tapsell aliupinga katika kila kikao, akashindwa. Tulipofika kwenye jiwe la mwisho, alipokuwa akingoja Goodyer, alisimama na fimbo yake, asiinue mkono.

"Nipige mpaka gani?" akasema. "Mwakani haupo. Watoto hawa watajuaje Marlstow iliishia wapi?"

Goodyer alimimina pombe, akamkabidhi kikombe.

"Sikiliza, mama. Wakubwa na wafute wanachotaka. Mimi Mei nitasimama palepale upande wangu. Sasa wewe usipokuja upande wako, nitamtukana nani?"

Bi Tapsell alicheka, kisha akalia, na wala hakuona haya. Jiwe hakulipiga. Fimbo alinipa mimi niibebe, tukarudi kijijini.

Tayari nimeanza kuyakumbuka mambo ambayo bado hayajaondoka: funguo zake zikilia mlangoni mwa ukumbi, na birika lake linalochemka katikati ya hoja muhimu.

Bi Tapsell, asante kwa kututunza. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na bustani isiyo na konokono. Hatutakuwa na baraza wala cheo, lakini Mei tutakuwa langoni mwa kanisa, mzunguko unapoanzia, kama kawaida. Fimbo yako ninayo. Kuna jiwe moja hujalipiga.